Nabii Amosi na Majirani Zetu wa Buigiri



Vijana wetu wa Kipaimara wakiulizwa nabii ni nani, wengi hujibu: mtabiri. Tunawafundisha kwamba Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwakemea waliouza maskini kwa bei ya viatu. Nchini mwetu, miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa ili viungo vyao viuzwe. Na hapa Buigiri, katika Shule ya Wasioona iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950, wamo wanafunzi wenye ualbino. Basi tunaanzia kwenye ulimi: "zeruzeru", au baya zaidi "dili", lisisikike kati yetu. Kijana anayeogopa kumkanya rafiki yake atamkemeaje muuaji? Tunaomba kila kigango kituletee katekista mmoja.