Robusta Kikaangoni: Kinachoteketea na Kinachobaki



Swali moja huulizwa mara kwa mara huku mlimani: ikiwa kila kahawa ikikaangwa huwa nyeusi, mnunuzi atajuaje kwamba arabika ya Kilimanjaro imechanganywa na robusta? Jibu limo ndani ya punje.

Robusta ni zao la asili la Kagera. Wahaya waliichemsha na kuitafuna tangu kabla ya ukoloni. Kwa miaka mingi iliuzwa katika mnada wa hapa Moshi, kwa hiyo si mgeni. Punje yake huwa na kafeini kiasi cha asilimia 2 au zaidi, hali arabika ina asilimia 1.2 hivi. Tena robusta zenyewe hazilingani: aina moja huwa na asilimia 1.5, nyingine hukaribia 4. Tindikali ya klorojeniki, yenye kuleta ukakasi, nayo ni nyingi katika robusta. Sukari na mafuta ni haba. Kafeini nyingi humkinga mbuni na wadudu, lakini ulimi wa mnywaji nao huuhisi uchungu wake.

Moto hubadili mengi. Joto likipita nyuzi 200 za Sentigredi, sukari karibu yote huteketea na kugeuka rangi na harufu. Tindikali ya klorojeniki huvunjika, mara nyingi zaidi ya nusu. Kafeini haipungui sana. Ndiyo maana kikaango hakiwezi kuipa robusta utamu ambao haikuingia nao.

Iko pia kemikali moja katika mafuta ya kahawa, iitwayo 16-O-methilikafestoli. Robusta inayo, arabika karibu haina kabisa. Kemikali hiyo hustahimili moto, na maabara huitambua hata katika kahawa iliyokwisha kusagwa.

Hayo hayaifanyi robusta kuwa takataka. Wakaangaji wa Italia huitaka kwa povu lake na uzito wake kinywani, lakini huinunua kwa jina lake na kwa bei yake. Lawama ni ya gunia lililoandikwa arabika tupu na ndani mna mchanganyiko. Chama hupeleka mnadani kahawa ya wanachama wengi katika fungu moja. Mnunuzi akilishusha bei fungu hilo, hupunjwa hata mjane aliyechuma mbivu tupu na kuziosha kwa maji safi.