Wiki Kumi za Ndoo ya Maganda

Mazungumzo ya Afisa Mazingira wa Wilaya mbele ya madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji na vitongoji, katika ukumbi wa Halmashauri



Nimepewa nusu saa, nami nakusudia kuitumia kuzungumzia kitu kidogo: ndoo moja yenye kifuniko, iwekwayo kando ya jiko. Mambo makubwa ya mazingira mmekwisha kuyasikia katika ukumbi huu mara nyingi, na sina shaka kwamba yameeleweka. Hakuna aliyeketi hapa asiyejua kwamba misitu yetu inapungua, au kwamba mitaro iliyoziba ndiyo inayoingiza maji vyumbani mwa wakazi wa bondeni kila masika. Tunajua. Ambalo bado halijatokea ni kujua huko kugeuka kazi ya mikono, ya kila siku, isiyohitaji tangazo la kipaza sauti.

Chukueni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo maduka huchelewa kufunguliwa, watu hutoka na mafagio, majembe na makoleo, na kufikia saa nne asubuhi mji unapendeza. Ikifika Jumatano, kizimba cha sokoni kimefurika tena, kunguru na mbuzi wamepasua viroba, na maji machafu yanachuruzika hadi barabarani. Wanaozitupa taka hizo ni wale wale waliofagia kwa bidii siku nne zilizopita, kwa hiyo siwezi kusema kwamba wananchi wetu ni wavivu. Tumeutengea usafi siku moja, ilhali taka huzaliwa kila siku, asubuhi, mchana na jioni.

Naomba basi tujiulize tabia huota mizizi kwa namna gani. Upo uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 na watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally. Waliwachukua watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akaliambatanisha na wakati wa siku anaoujua, kwa mfano mara baada ya kifungua kinywa, kisha akafuatiliwa kwa wiki 12. Swali lilikuwa: itachukua muda gani tendo hilo lifanyike bila mtu kujisukuma? Kwa mtu wa katikati, jibu lilikuwa siku 66. Waliowahi sana walikadiriwa siku 18, na waliochelewa sana siku 254. Watafiti hao waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Aliyeteleza jana akarudi leo, aliendelea pale alipokuwa.

Nimeyataja haya kwa sababu yanatueleza kitu kuhusu kampeni zetu. Wiki ya mazingira huanza kwa maandamano na huhitimishwa tarehe 5 Juni kwa hotuba na fulana. Siku saba hazitoshi hata kwa yule mwepesi kuliko wote. Tunawaacha watu njiani, kisha tunashangaa kwamba hawakufika. Ndiyo maana ninachowaletea leo ni mtihani wa wiki kumi, yaani siku 70, ambao kila mtu atajipa mwenyewe, wa tendo moja tu. Natilia mkazo neno moja. Mwenye kuanza Jumatatu kwa kutenganisha taka, kupanda miti, kuacha mkaa na kuokota chupa zote za mtaa, Ijumaa atakuwa amechoka na hatakuwa na tabia hata moja.

Huenda mtu akasema: kwa nini tusitunge amri? Amri tunazijua, na nyingine zimefanya kazi kubwa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na katika muda mfupi mno vikapu vilirudi mikononi mwa watu. Sheria iliweza hivyo kwa sababu mfuko ulipita kiwandani, mpakani na dukani, mahali ambapo mkaguzi anaweza kusimama. Lakini hakuna mkaguzi atakayesimama jikoni mwa mtu saa mbili usiku kuangalia ganda la ndizi linakwenda wapi. Pale sheria inapoishia mlangoni ndipo tabia inapoanza. (Hata kwa mifuko yenyewe bado tuna kazi; vile vifungashio laini vya kufungia nyanya na vitunguu mnaviona wenyewe vikipeperuka siku ya mnada.)

Sasa, kwa nini maganda? Katika miji mingi ya nchi yetu, zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya ndizi, ya viazi na ya mihogo, mabua, majani ya mboga, maboga yaliyooza. Ni taka zenye maji mengi, na kwa hiyo ndizo zinazolemea gari. Tunanunua dizeli ili kusafirisha maji ya maganda hadi dampo. Zikiwa ndani ya kiroba kimoja na karatasi, chupa na makopo, huvichafua vyote, hata yule kijana anayeokota chupa ili akauze hulazimika kuchakura uozo kwa mikono mitupu. Dampo nalo, maganda yaliyofukiwa pasipo hewa huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia na ndiyo mara nyingi hulisha ule moto usiozimika unaowafukiza majirani. Nzi, harufu na mbwa wa kizimbani, hao wote wanafuata maganda. Hakuna mbwa aliyewahi kuifuata chupa tupu.

Ganda hilo hilo likibaki nyumbani lina thamani. Mwenye mbuzi au nguruwe hahitaji kufundishwa. Mwenye kiwanja kidogo na achimbe shimo lenye kina cha goti, mahali penye kivuli. Kwa kila ndoo ya maganda mabichi aongeze ndoo mbili za majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, afunike kwa udongo kidogo ili nzi wasitue, na ageuze lundo kila baada ya wiki mbili. Likinuka, limezidiwa na maji, aongeze makavu. Likikauka kama vumbi, alinyunyizie maji hadi liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama, mifupa na mafuta visiingie humo, maana huita panya. Baada ya miezi mitatu au minne atachota udongo mweusi usio na harufu mbaya, na bustani ya mchicha itamweleza iliyobaki. Mpangaji asiye na hata hatua moja ya ardhi anabaki na ndoo yenye kifuniko na jirani mwenye mifugo. Wapangaji wa nyumba moja wakichangia ndoo moja, mfugaji atakuja kuichukua mwenyewe.

Tendo hili lifungwe kwenye tendo lililokwisha kuzoeleka. Nyumba nyingi huosha vyombo baada ya chakula cha usiku. Basi vyombo vikishaoshwa, ndoo itoke. Sisemi “kila siku” tu, kwa sababu kila siku haina saa, na kisicho na saa husahaulika.

Wapo ambao ndoo haitawafaa, labda kwa kuwa hupika mara chache au wanakula kwa mama lishe. Kwao naona njia ya pili, nayo ni mkaa. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa kwa kawaida hula kilo sita hadi kumi za kuni. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, wengi wetu bado tunarudi kwenye jiko la mkaa, na hapo tendo dogo lina nafasi yake: kuloweka maharage usiku kabla ya kufunga mlango, na kufunika sufuria yanapochemka. Maharage yaliyolala majini huiva mapema zaidi kuliko yaliyotiwa makavu. Mpishi atakayehesabu makopo ya mkaa anayonunua kwa wiki kumi hatahitaji hotuba yangu.

Nimesema kuhesabu. Mtihani usiohesabiwa ni nia tu, nazo nia hazipimiki. Kalenda ya ukutani inatosha: kila usiku ndoo ikitoka, alama moja ya kalamu. Kila mwisho wa wiki iandikwe idadi ya viroba vilivyopelekwa kizimbani. Siku iliyorukwa iachwe wazi, na kesho iendelee; nimekwisha kuwaeleza kwamba nafasi moja tupu haibomoi kitu. Naomba pia watoto wasigeuzwe polisi wa kuwashtaki wazazi, na wenyeviti wasisome majina ya walioshindwa kwenye mkutano wa hadhara. Aibu humfanya mtu afiche ndoo, haimfanyi aitumie. Zawadi nazo zina kasoro yake: kanga ikishatolewa, sababu ya kuendelea nayo imetolewa.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo baadhi ya wanaume wenzangu hawatalipenda. Katika mikutano yetu, anayesimama kuahidi ni mume. Atakayebeba ni mke. Baba hutangaza kwamba nyumba yake itatenganisha taka, hupigiwa makofi, kisha huenda kuangalia mpira. Mama, ambaye amekwisha kuchota maji, kupika, kuosha na kulaza watoto, huongezewa kazi nyingine ambayo hakuulizwa. Mtihani wa namna hiyo hufa katika wiki ya pili, na unastahili kufa. Kwa hiyo nimependekeza, na Afisa Maendeleo ya Jamii ameniunga mkono, kwamba karatasi ya mtihani iandikwe jina la mtu, isiandikwe jina la kaya. Aliyeandika jina ndiye atakayetoa ndoo. Kama Mheshimiwa Diwani ameandika lake, tutarajie kumwona Mheshimiwa na ndoo mkononi saa mbili usiku, na majirani wakimwona watakuwa wamejifunza zaidi ya ninavyoweza kuwafundisha kwa nusu saa.

Upande wa pili wa jambo hili unatuhusu sisi wa Halmashauri, nami naomba niseme bila kuzunguka. Mwananchi akitenganisha taka kwa wiki tatu, kisha akaliona gari limekuja na kuvimwaga vyote katika tela moja, hatatenganisha tena, na hata akiombwa na Waziri hatakubali. Gari likikosa kufika siku iliyotangazwa, viroba vya makavu vitalala mtaroni, na ahadi yake itaonekana ya kipuuzi machoni pake mwenyewe. Tabia ya nyumbani huegemea huduma ya nje; nguzo ikiyumba, ukuta hauna lawama.

Ombi langu kwa Baraza, kwa hiyo, linatangulia ombi langu kwa wananchi. Ratiba ya gari ibandikwe katika kila ofisi ya kitongoji ndani ya mamlaka ya mji mdogo, ikiwa na siku na saa, na gari likishindwa kufika mwenyekiti apigiwe simu asubuhi ile ile. Sokoni, ambako maganda na majani ya kabichi ndiyo mzigo mkubwa, patengwe kizimba cha taka zinazooza peke yake, na wafugaji waruhusiwe kuchukua bure kabla ya gari kufika. Maafisa ugani waongeze somo la mboji katika ziara zao. Ni kazi yao ya siku zote, na wakulima wanaolalamikia bei ya mbolea watakuwa wasikivu. Haya matatu hayadai gari jipya. Yanadai tutimize tulichokiandika. Mapungufu haya yakibaki, nashauri mtihani usubiri, kwa kuwa ni afadhali tuchelewe kuanza kuliko kuwafundisha watu kwamba juhudi yao haina mpokeaji.

Kuna swali nililoulizwa na mzee mmoja huko nje kabla hatujaingia: ndoo yangu moja, mwanangu, itapunguza nini? Nilimjibu kwa hesabu ya kizimba cha kitongoji chake. Kizimba kile kinahudumia nyumba chache zinazohesabika. Nyumba kumi zikibakiza maganda yao, kile kinachofurika Jumatano kitafika Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya gari. Joto la dunia sikulitaja, na yeye hakuliuliza. Alitaka kujua kama maji machafu yataacha kupita mbele ya mlango wake.

Karatasi za wiki kumi zimechapishwa na ziko mezani kwa karani, hapo mlangoni, pamoja na kalamu. Tunaanza Jumatatu ya kwanza baada ya ratiba ya gari kubandikwa. Baada ya wiki ya kumi watendaji wa kata watakusanya kalenda, zilizojaa na zenye mapengo, na tutahesabu viroba kata kwa kata. Takwimu zitachapishwa katika jarida hili kama zitakavyokuwa, zikiwa nzuri au mbaya.