Mishipa ya Miguu na Haki ya Kiti



Reli haifiki hapa Githongo, lakini sisi wa reli nanyi wa chai, sote twasimama kutwa. Jioni miguu ni mizito, na wengine wetu mishipa imevimba na kujipinda. Tusiseme tumerogwa.

Mishipa inayorudisha damu moyoni ina vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Tukitembea, misuli ya miguu huisukuma damu ipande. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na mshipa hutanuka. Huwapata zaidi wenye kusimama sana, waja wazito, na wale ambao wazazi wao walikuwa na ugonjwa huo.

Basi tutembee, tuinue miguu tupumzikapo, tuvae soksi za kubana kwa shauri la daktari. Yeye aweza pia kuuziba mshipa kwa sindano au kwa joto, au kuutoa. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, nenda hospitali siku ile ile.

Tena, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke viti kwa wafanyao kazi wima, wapate kupumzika nafasi ipatikanapo. Kiti si sadaka, ndugu. Ni haki yetu.