Si Kila Damu Chooni Ni Bawasiri



Leo tutaje ugonjwa tunaouficha: bawasiri. Ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Huletwa hasa na kufunga choo na kujikaza kwa nguvu. Wajawazito wengi pia huipata.

Mara nyingi hutulia kwa hatua za nyumbani. Kunywa maji ya kutosha. Kula githeri, sukuma wiki, matunda na ugali wa unga usiokobolewa. Haja ikija, usiiahirishe. Ukimaliza, ondoka chooni. Simu iache nje. Maumivu yakizidi, kalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15.

Lakini ukiona damu, usikimbilie dawa ya kutembezwa stejini. Saratani ya utumbo mpana pia hutoa damu. Ukiitibu kama bawasiri, unaipa nafasi ya kuenea. Choo kikiwa cheusi, au ukikonda bila sababu, usingoje hata wiki.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe. Wahudumu huona hali hii kila mara, hawatakucheka.