Popobawa, Tengu na Safari ya Mabawa katika Hadithi

Popobawa, kiumbe wa kutisha wa usiku, alianza kutajwa kisiwani Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alisimuliwa kuwa huingia nyumbani usiku, humkandamiza aliyelala hadi asiweze kunyanyua mkono wala kupiga kelele, na humwingilia, awe mwanamke au mwanamume. Kulipokucha aliyepatwa alitakiwa awaeleze wenzake; akificha, atarudiwa. Sharti hilo ndilo kiini cha habari yote, kwa kuwa lilimgeuza kila aliyeteswa kuwa msimulizi.

Taharuki kubwa zaidi ilizuka mwaka 1995. Ilianzia Pemba wakati wa Ramadhani, ikavuka hadi Unguja, kisha Dar es Salaam. Watu walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi, wamebanana kandokando ya moto. Mjini Zanzibar mgonjwa wa akili mmoja, asiye na kosa lolote, aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa. Kifo hicho hakistahili kutajwa kama kichekesho, ingawa mara nyingi hutajwa hivyo. Oktoba ya mwaka huohuo ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na maelezo ya kisiasa hayakukosekana. Mtafiti Martin Walsh, aliyefuatilia tukio hilo kwa karibu, alionyesha jinsi maelezo hayo yalivyobadilika kadiri hofu ilivyosambaa. Kwa upande wa mwili, hali yenyewe inafanana sana na jinamizi: akili imeamka, viungo bado vimelala.

Mabawa yana nafasi ndogo kuliko jina linavyodokeza. Waliosimulia walitaja zaidi kivuli, harufu kali na kucha zinazokwaruza bati. Popo jitu mwenye jicho moja, anayechorwa sana mitandaoni, amekuzwa na wageni. Katrina Daly Thompson alilichambua jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2017. Popo halisi wa Pemba ni mnyama mpole. Ana manyoya ya rangi ya kutu, uso kama wa mbweha, na mabawa yanayofikia takribani mita 1.6 yakikunjuliwa. Hula matunda, na mchana huning'inia mitini kwa mamia katika msitu wa Kidike. Jamaa zake wamesambaa hadi visiwa vya kusini mwa Japani.

Huko Japani tengu alipata umbo kwa njia nyingine. Katika visa vya karne ya 12 vya Konjaku Monogatarishū ni kiumbe wa jamii ya kipanga anayewahadaa watawa wa Kibudha. Baadaye wachoraji walimpa pua ndefu, uso mwekundu na nguo za watawa wa milimani, na mdomo wa ndege ukabaki kwa tengu wa daraja la chini. Kwa mujibu wa masimulizi, Sōjōbō, mkuu wao katika mlima Kurama, ndiye aliyemfundisha upanga kijana Minamoto no Yoshitsune. Adui wa dini akawa mwalimu. Katika katuni ya Kimetsu no Yaiba, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2016, mzee anayemfunza shujaa mlimani huvaa barakoa ya tengu, na msomaji wa Kijapani huelewa maana yake mara moja.

Tanzania Bara nako ndege wa usiku ana uzito wake. Sindeni, mkoani Tanga, kama kwingineko Handeni na Korogwe, bundi akilia juu ya paa wapo wanaosubiri habari mbaya, ilhali milima ya Usambara ina bundi wake mkubwa adimu, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1908. Mkoa huohuo ulimzaa mwandishi Shaaban Robert mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela, chenye majini na ndugu waliogeuzwa wanyama, akakifanya hadithi ya Kiswahili kuhusu wivu na haki.