Kengele ya Moto na Bei Yake

 

Mtu aliyelala haoni moto, wala si rahisi aamshwe na harufu ya moshi. Lakini sikio husikia, na sauti kali humshtua. Kwa sababu hiyo ikabuniwa kengele ya moshi, chombo kidogo kifungwacho kwenye dari, ambacho hulia mara kipatapo moshi. Kukisifu chombo hiki ni kazi nyepesi. Uzito huja inapoulizwa bei yake, na nani atakayeitoa.

Mfano wake ni nchi ya Uskoti, iliyo kaskazini ya Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la ghorofa nyingi liitwalo Grenfell Tower liliungua mjini London, wakafa watu 72. Baada ya msiba huo serikali ya Uskoti iliazimia kuzidisha hadhari. Tangu Februari 2022 sheria yake yataka kila nyumba ya kuishi iwe na kengele ya moshi katika chumba cha mazungumzo, nyingine katika ukumbi wa kila ghorofa, na kengele ya joto jikoni. Zote ziwe zimeunganishwa, moja ikilia zilie zote, ili aliyelala juu apate habari ya moto ulio chini. Na palipo na chombo cha kupashia nyumba joto kwa kuni, makaa, gesi au mafuta, lazima iwepo pia kengele ya hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

Serikali hiyo ilikadiria kuwa nyumba ya kadiri yenye vyumba vitatu vya kulala, ihitajiyo kengele tatu za moshi, moja ya joto na moja ya kaboni monoksaidi, itagharimu kama pauni 220, iwapo mwenyewe azifunga kwa mkono wake. Akitaka zitumiazo umeme wa nyumba, yampasa amlipe na fundi. Kwa mtu wa pato dogo fedha hizo si chache. Walakini betri za kengele hizo huweza kudumu hata miaka 10. Zikidumu hivyo, gharama ni pauni 22 kwa mwaka, yaani chini ya pauni 2 kwa mwezi.

Hesabu hiyo yamtuliza tajiri. Maskini haimsaidii, maana hana hizo pauni 220 za kuanzia. Kwa hiyo katika nyumba za kupanga mzigo uliwekwa juu ya mwenye nyumba, si juu ya mpangaji. Na serikali ikatenga fedha za kuwasaidia baadhi ya wazee na walemavu wenye dhiki. Hapo pana fundisho. Hadhari isiyomfikia maskini haijatimia, kwa kuwa moto uanzao kwake hauishii kwake.

Huenda ikasemwa kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, na huku kengele hizo ni nadra. Ni kweli, lakini hewa ya sumu haichagui nchi. Katika nyumba nyingi za Kampala, Kigali na Bujumbura hupikwa kwa makaa. Na usiku wa mvua na baridi wako waingizao jiko chumbani wapate joto, wakafunga mlango na madirisha. Makaa yaliyokwisha kushika moto hayatoi moshi mwingi, kumbe yatoa kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Akilala, huenda asiamke tena. Kengele ya moshi haiitambui hewa hii. Yahitaji kengele yake yenyewe.

Asiye na bei ya kengele anayo hadhari isiyo na bei: jiko lilale nje. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza watu kuacha moto ukiwaka majumbani walalapo. Akikutwa mtu amelegea katika chumba chenye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje penye hewa safi, apelekwe hospitali upesi. Mwenye nyumba za kupangisha awajengee wapangaji wake mahali pa kupikia penye kupitisha hewa. Na palipo na bweni la wanafunzi wa madrasa, wenye uwezo wachangie kengele kama wachangiavyo mikeka na taa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa tena kwa fedha. Aliyekufa usingizini kwa hewa ya makaa harejeshwi kwa fedha yoyote.

Mwenyezi Mungu awahifadhi waja wake na majumba yao. Amin.