Mizani ya Mkono: Nani Ahesabu Mirusho ya Mrushaji wa Akiba?



Hapa Uganda, barabara inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Anayeishi kandokando yake anajua kinachoiua lami. Magari mia moja mepesi hupita na lami ikabaki vilevile, kisha likapita lori moja lililolemewa upande mmoja na mtaro ukaanza kuchimbika. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari haikuishia kwenye jumla. Jumla isizidi tani 56, lakini pia ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Lori laweza kuwa na tani 45 tu, halali kabisa kwa jumla yake, likazuiwa kwenye mizani kwa sababu mzigo umerundikwa mahali pamoja. Wahandisi waliofanya majaribio ya barabara huko Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, waligundua kwamba uharibifu hauongezeki hatua kwa hatua na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne: ekseli ikibeba mara mbili, barabara huumia mara 16 hivi. Leo sisemi habari za lori. Nasema habari za mkono wa mwanadamu, na hasa mkono wa mrushaji wa besiboli anayekaa akiba. Hoja yangu ni moja: mkono huo hupimwa kwa jumla, wakati unaharibika kwa ekseli, na wanaoupima ndio wale wanaotaka mzigo ufike usiku huuhuu.

Kwa wasioujua mchezo, besiboli huchezwa kwa zamu tisa. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, naye katika ligi kubwa hurusha mpira kwa kasi ambayo mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa. Anayeanza mechi hachezi tena siku zinazofuata, hupumzishwa siku nne au tano. Akichoka katikati ya mechi, wanaingia wengine waliokuwa wakisubiri pembeni mwa uwanja, kwenye kiwanja kidogo cha kupashia mwili. Hao ndio warushaji wa akiba, na ratiba yao haina siku maalumu. Ligi kuu ya Marekani huchezesha kila timu mechi 162 katika siku zisizofika 190. Hizo ni zamu 1,458. Waanzaji wa siku hizi hutoa zamu tano na kitu kwa mechi, kwa hiyo hubaki zamu 600 hivi za kubebwa na benchi la akiba. Timu inaruhusiwa warushaji 13 kwa wakati mmoja. Ukiondoa waanzaji watano, wamebaki wanane. Gawa 600 kwa wanane, kila mmoja ana zamu 75. Kwa karatasi, mzigo huo unabebeka.

Lakini hakuna kocha anayegawa sawa. Mechi ikiwa imebana, huita wawili au watatu anaowaamini, na mechi zilizobana huja mfululizo. Wale watatu wakawa ekseli. Kibaya zaidi, daftari la mechi halioni kazi yao yote. Mtazame mrushaji wa akiba usiku mmoja wa kawaida. Katika zamu ya sita simu ya pembeni inalia: jiandae. Anasimama, anarusha mipira 20 kwa nguvu inayopanda polepole hadi mkono uwe moto. Timu yake inafunga, hatari inapungua, anaambiwa aketi. Jasho linamkaukia mgongoni. Zamu ya nane mambo yanaharibika, simu inalia tena, anasimama na kurusha 15 nyingine, safari hii kwa haraka. Anaingia, anarusha nane za kuzoea kilima, kisha 15 za mechi yenyewe. Mkono umefanya kazi ya mirusho 58. Daftari limeandika 15. Na kama mechi ingemalizika kabla hajaitwa, lingeandika sifuri, na kesho kocha angesema, "Huyu jana alipumzika." Kupumzika hakukuwepo. Palikuwa na kazi isiyoandikwa, na kazi isiyoandikwa haidai siku ya mapumziko.

Kinachoumia kiko wazi kitabibu. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano fupi inayofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini. Kila mrusho wa kasi huivuta kano hiyo karibu na kikomo cha uwezo wake. Misuli ya mkono ikiwa na nguvu husaidia kubeba mvuto huo. Ikichoka, mzigo zaidi unahamia kwenye kano. Na kano, tofauti na msuli, ina damu kidogo na hupona taratibu mno. Tarehe 25 Septemba 1974, daktari Frank Jobe alichukua ukano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John wa Los Angeles Dodgers na kuupandikiza kwenye kiwiko cha kushoto kilichokatika kano. John alirudi uwanjani 1976, akashinda mechi nyingine 164 na kustaafu 1989. Upasuaji huo hadi leo huitwa kwa jina lake. Umefanikiwa kiasi kwamba baadhi ya wazazi wameanza kuuona kama matengenezo ya kawaida, mfano wa kubadilisha tairi. Ni kosa kubwa. Anayepasuliwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi, na si wote wanaorudi kama walivyokuwa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, nalo linatoka timu ileile na mwaka uleule. Mwaka 1974 Dodgers walikuwa na mrushaji wa akiba aliyeitwa Mike Marshall. Alicheza mechi 106 msimu huo, akarusha zamu 208, na wakati mmoja aliingia katika mechi 13 mfululizo. Akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kupewa tuzo ya Cy Young, tuzo kubwa kuliko zote kwa warushaji. Kama Marshall aliweza, husemwa, vijana wa leo wanadekezwa. Nalipa pingamizi hili uzito wake, kwa kuwa takwimu za Marshall ni za kweli. Lakini Marshall alikuwa msomi wa sayansi ya mwendo wa mwili, aliyebuni namna yake mwenyewe ya kurusha na kujifanyia mazoezi, na baadaye akapata udaktari wa falsafa katika fani hiyo. Zaidi ya hayo, tunamkumbuka kwa sababu alisalimika. Waliovunjika katika miaka hiyo hawana tuzo wala rekodi; walirudi makwao na majina yao yakafutika. Ukihesabu waliovuka mto bila kuhesabu waliozama, kila mto utaonekana wa kina cha magoti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu husema: mirusho imehesabiwa kwa ukali kwa miaka mingi sasa, na viwiko vinazidi kukatika. Basi kuhesabu hakusaidii. Ni kweli kwamba majeraha yameongezeka. Uongozi wa ligi kuu ya Marekani wenyewe ulitoa ripoti juu ya jambo hili Desemba 2024, na ripoti ikanyooshea kidole mbio za kasi: warushaji wanafundishwa kutafuta kasi ya juu kabisa, kuuzungusha mpira kupita kiasi, na kurusha kwa nguvu zote kila mara. Kwangu mimi, jibu hilo linatuambia kwamba kipimo kilikuwa pungufu, na halitupi ruhusa ya kuacha kupima. Mwanzaji wa zamani alijua atarusha zamu nyingi, hivyo aliweka nguvu akiba. Mrushaji wa akiba wa leo anajua ana zamu moja tu, na hapunguzi nguvu hadi asilimia 80 hata kwa mrusho mmoja. Mirusho yake 15 haiwezi kulinganishwa na 15 za mwenziwe wa zamani. Idadi imepungua, uzito juu ya ekseli umepanda. Mizani inayosoma jumla pekee italiacha lori hilo lipite.

Sasa turudi nyumbani. Uganda ni nchi ya besiboli kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo, na wakawafunga vijana wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na baadaye mrushaji David Matoma akasainiwa na Pittsburgh Pirates. Mlango umefunguka, na nafurahi. Lakini mlango huo ndio unaonipa wasiwasi, kwa sababu kijana anayejua kwamba mgeni mwenye kipima kasi ameketi nyuma ya nyavu atarusha mpaka mkono uingie ganzi.

Watoto waliokwenda Williamsport walilindwa na kanuni nzuri. Tangu 2007 Little League huhesabu mirusho: mtoto wa miaka 11 au 12 hapiti 85 kwa siku. Akirusha 66 au zaidi hupumzika siku nne; 51 hadi 65, siku tatu; 36 hadi 50, siku mbili; 21 hadi 35, siku moja. Aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi hata kudaka siku hiyo, maana mdakaji naye hurudisha mpira kila mara. Kanuni hii inapima mapumziko pamoja na mirusho, na ndiyo sababu naiheshimu. Kasoro yake ni kwamba inaishia kwenye uzio wa mashindano yake. Mtoto huyohuyo akirusha Ijumaa kwa ajili ya shule, Jumamosi kwa ajili ya klabu na Jumapili mbele ya wageni, kuna madaftari matatu, na kila moja linasema alirusha kidogo.

Huenda mtu akasema kwamba sisi hatuna msimu wa mechi 162, kwa hiyo tatizo si letu. Naona kinyume chake. Msimu mrefu unaumiza kwa sababu mechi ni nyingi kuliko mikono. Kwetu mechi ni chache, lakini mikono ni michache zaidi. Timu yenye warushaji wawili wanaoaminika, ikicheza mechi tano kwa siku tatu, ina ratiba kali kuliko Dodgers. Japani iliijua hali hii mapema kuliko sisi. Katika mashindano ya shule za sekondari ya Koshien ya mwaka 2018, kijana mmoja, Kosei Yoshida, alirusha mipira 881 katika mechi sita. Nchi nzima ilimshangilia. Mwaka 2020 chama cha besiboli ya shule hizo kikaweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Kikomo hicho bado ni kikubwa mno kwa maoni yangu, ila kilivunja mazoea ya kuita uchovu ushujaa.

Na kocha je? Husemwa kwamba kocha anamjua mchezaji wake, basi aachiwe. Simshutumu kocha yeyote. Nasema tu kwamba mechi ya leo ina mwenyewe, ambaye ni kocha. Msimu mzima hauna mwenyewe, na mkono wa kijana miaka kumi ijayo hauna kabisa. Tazameni kriketi, mchezo ambao Uganda iliucheza katika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Katika ushindi dhidi ya Papua New Guinea, Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alimaliza ova zake nne, yaani mafungu manne ya mirusho sita, akiwa ametoa mikimbio minne tu. Nahodha yeyote angependa aendelee. Hakuweza, kwa kuwa sheria ya T20 humpa kila mrushaji ova nne na si zaidi. Katika uamuzi ule hapakuwa na ubishi wala huruma, wala kijana wa kusema "niko sawa, mwalimu" huku kiwiko kinamuuma. Mzigo uligawanywa na sheria kabla mechi haijaanza.

Hivyo ninachopendekeza kwa vyama vya besiboli vya Uganda, na kwa yeyote atakayeleta mchezo huu huku kwetu katika eneo la West Nile, ni daftari moja kwa mtoto mmoja, linalomfuata shuleni, klabuni na kwenye majaribio, na linaloandika pia mirusho ya kupasha mwili na kila mara aliposimamishwa bila kuitwa. Daftari hilo lisishikwe na kocha. Lishikwe na mwalimu mwingine, au muuguzi wa shule, au mzazi aliyekubaliwa na wote, na mtu huyo apewe mamlaka ya kusema leo hapana, neno lake lisikatiwe rufaa hadi kesho yake. Gharama yake ni kitabu cha mistari na kalamu. West Nile bado ni nchi ya mpira wa miguu, na besiboli ikifika itakuta viwanja vitupu na mikono mizima. Walimu wa Arua, Koboko na Oraba, kabla hamjampa mtoto mpira, mwulizeni jana alirusha wapi, na mirusho mingapi.